Shajara ya Mradi: Kunakili Sauti, Picha na Video za Nyumbani Kwetu, Mtwara

Jumamosi, 2 Machi 2024

Diski ya nje tuliyoinunua mwaka 2013, ambayo imebeba picha zote za familia tangu tulipopata kamera yetu ya kwanza ya dijitali, imeanza kugonga. Jana usiku nilikuwa natafuta picha ya harusi ya kaka ili nimtumie wifi yangu aliyeko Lindi. Folda ikachukua dakika nzima kufunguka, na kila ilipokwama nilisikia mlio mkavu, kama wa saa ya ukutani ambayo mshale wake umenasa. Nimeipima kwa CrystalDiskInfo, programu ya bure inayosoma kumbukumbu ambazo diski hujiwekea yenyewe kuhusu afya yake, nayo imeonyesha rangi ya manjano pamoja na sehemu kadhaa ambazo hazisomeki tena. Diski ikifika hapo haitibiki. Kilichobaki ni kuwahi.

Kwa hiyo mradi ambao nimekuwa nikiuahirisha tangu baba alipofariki umeanza bila hiari yangu. Nimeanza kuhamishia faili kwenye kompyuta yangu ya mapajani kwa kufuata thamani, si alfabeti: kwanza picha za watu waliokwisha kutangulia mbele ya haki, kisha za watoto wakiwa wachanga, kisha zilizosalia. Filamu na nyimbo ambazo mtu anaweza kuzipata tena mahali pengine zitasubiri mwisho. Kila mlio unapozidi naizima diski na kuiacha ipoe, maana chumba hiki cha Shangani mwezi wa Machi ni tanuri hata bila kompyuta.

Wakati inapoa nimepiga hesabu ya mzigo wote. Picha na video za kamera na simu ni GB 250. Kanda za MiniDV, zile ndogo za kamera ya video, ziko 14, na kwa kuwa saa moja ya MiniDV huchukua takriban GB 13, hizo peke yake zitahitaji GB 182. Kaseti za sauti ni 31, yaani 22 za dakika 60 na 9 za dakika 90, ambazo zikirekodiwa bila kubanwa zitafika GB 22 na nusu. Picha za karatasi zilizomo ndani ya kopo la biskuti ni 340, nazo zikipita kwenye skana kwa doti 600 kwa inchi hazitazidi GB 9. Jumla haifiki GB 470. Diski ya TB 1, ambayo kompyuta huionyesha kuwa ni GB 931 kwa sababu kiwanda huhesabu kwa elfu na kompyuta huhesabu kwa 1,024, itatosha na kubakiza nafasi.

Jumamosi, 9 Machi 2024

Nimenunua diski mbili, A na B, kila moja kwa shilingi 150,000. Ya tatu itangoja mshahara. Nimechagua zile ndogo za inchi 2.5 zinazokula umeme wa kompyuta kupitia kebo ya USB, wala si zile kubwa za inchi 3.5 zenye adapta yake ya ukutani, kwa sababu moja tu: umeme ukikatika katikati ya kunakili, diski kubwa huzimika papo hapo, lakini ndogo huendelea kuishi kwa betri ya kompyuta. Kwa mtu wa huku, hilo ni jambo la kuzingatia kuliko kasi au rangi ya kasha.

Dukani niliwekewa mbele flashi iliyoandikwa TB 2 kwa shilingi 35,000. Kijana muuzaji alisema, “Dada, hii inameza kila kitu,” na nadhani alisema kweli, kwa maana flashi za namna hiyo humeza kweli kweli: zimechezewa ili zijitangaze kuwa kubwa, zikijaa sehemu yake halisi huendelea kupokea faili huku zikizitupa, na mwenye mali hugundua siku anapotaka kuzifungua. Ndiyo maana hata diski hizi mbili, zilizokuja na maboksi yake yaliyofungwa, nimezipitisha kwenye H2testw, programu inayoijaza diski yote kwa data ya majaribio kisha ikaisoma upya. Kila moja imechukua karibu saa sita, na zote zimepita.

Mafundi wa lugha ya kompyuta huita nakala ya akiba “chelezo”. Neno hilo lilinifurahisha, kwa sababu wavuvi hulijua kwa maana ya boya, kile kinachoelea ili mtego ulioko chini usipotee.

Jumamosi, 23 Machi 2024

Kaseti. Ramadhani imeingia, na kazi hii naifanya baada ya tarawehe nyumba inapotulia, kwa sababu kaseti hairekodiwi kwa haraka: ya dakika 60 inataka dakika 60 zake, na mtu hana budi kukaa nayo.

Deki nimeazima kwa jirani. Waya unatoka kwenye tundu la spika za masikioni hadi kwenye tundu la kuingizia sauti la kompyuta, na Audacity, programu ya kurekodi sauti, inarekodi kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16, katika WAV, yaani faili ya sauti isiyobanwa. Kabla ya kila kaseti nasafisha kichwa cha deki kwa spiriti na pamba ya masikio, kwani utepe wa zamani huacha vumbi la kahawia ambalo huifanya sauti ionekane inatoka ndani ya mtungi. Kaseti ya tano ilikuwa imevaa ukungu mweupe pembeni mwa utepe, kazi ya unyevu wa bahari. Ya tisa ilikuwa imepoteza kile kisponji kidogo kinachoukandamiza utepe kwenye kichwa, na nilikihamisha kutoka kwenye kaseti ya nyimbo niliyokubali kuitoa kafara. Kaseti iliyosikika hafifu upande wa sauti kali niliirekebisha kwa kuzungusha kidogo sana skrubu iliyo ubavuni mwa kichwa, hadi herufi “s” zikasikika.

Nyingi kati ya hizi ni barua. Baba alifanya kazi Tanga kwa miaka, na kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, masika ikishika, njia ya Rufiji ilikuwa mtihani. Basi yeye alikaa na redio kaseti yake, akazungumza upande mzima, akampa mtu anayesafiri. Mama hapa Mtwara alisikiliza, akajibu upande wa pili, kaseti ikarudi. Ndani yake mna bei ya korosho, mna habari za misiba, mna watoto wanaosukumwa mbele wamwamkie baba na kunyamaza kwa haya huku utepe ukienda.

Nilidhani karatasi za kwenye makasha zingetosha kunipa majina ya faili. Hazikutosha. Kaseti iliyoandikwa jina la kikundi cha taarabu ilikuwa na wimbo mmoja na nusu, kisha sauti ya mwanamume ikaanza bila bismillahi. Nikaandika “Baba, barua.” Mama, aliyekuwa akipita na kikombe cha uji, akasimama mlangoni.

“Huyo si baba yako. Huyo ni ami yako, na hapo ameshaanza kuumwa. Msikilize anavyovuta pumzi.”

Tangu usiku huo sirekodi bila Mama kuwapo. Jina la kila faili sasa lina mwaka wa kukadiria, msemaji, mahali na namba ya kaseti, na maelezo marefu nayaweka kwenye faili ya maandishi ya kawaida iliyo pembeni yake, si kwenye programu maalumu ambayo huenda baada ya miaka ishirini hakuna atakayeweza kuifungua.

Jumamosi, 6 Aprili 2024

Kaseti namba 27 imeliwa. Ni ya dakika 90, ambazo utepe wake ni mwembamba kuliko wa dakika 60, na baada ya kuimaliza upande wa pili salama nilibonyeza kurudisha nyuma kwa mazoea tu, bila sababu yoyote. Deki ikaufyonza, ukakunjamana, ukakatika mahali pawili. Namshukuru Mungu kwamba nilikwisha kuirekodi. Ila kuanzia leo faili hiyo si nakala tena, ndiyo asili. Kaseti nyingine nazirudisha kwa kuzungusha penseli.

Zote 31 zimo kwenye Diski A. Kabla ya kulala nimetengeneza orodha ya alama za SHA-256 kwa kila faili. Alama hiyo ni mfuatano wa herufi na tarakimu 64 unaokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani ya faili, kiasi kwamba ikibadilika biti moja tu, alama nzima inakuwa nyingine. Orodha nimeihifadhi kwenye kompyuta na kwenye flashi iliyo kwenye funguo zangu. Kusema kweli niliifanya kwa kufuata ushauri kuliko kwa kuielewa faida yake.

Jumamosi, 13 Aprili 2024

Idi imepita. Kanda za MiniDV nimezipeleka kwa fundi wa video pale Magomeni, hapa hapa Mtwara, ambaye bado anayo kompyuta ya mezani yenye tundu la FireWire; bila tundu hilo, kamera ya MiniDV haitoi picha yake ya asili. Siku tatu, kanda 14, dosari ndogo za vipande vya rangi kwenye mbili tu. Diski ya fundi ilikuwa na mfumo wa kupanga faili wa FAT32, nao haupokei faili moja inayofika GB 4, hivyo kanda ya GB 13 ilikataliwa ingawa nafasi ilikuwepo tele. Tumetumia Diski A moja kwa moja, ambayo ni ya NTFS, mfumo usio na kikomo hicho, na mambo yakaenda.

Nimefuta picha kwenye kompyuta ili ipumue.

Jumamosi, 20 Aprili 2024

Leo nimefuta mkusanyo wangu kwa mkono wangu mwenyewe.

Naandika hatua kwa hatua kwa sababu nimezirudia kichwani tangu saa nne asubuhi. Nilikuwa nimeandika faili ya amri ya kunakili Diski A kwenda Diski B kwa Robocopy, chombo kilichomo ndani ya Windows. Amri ilisema: chanzo ni diski ambayo Windows imeipa herufi E, mwisho ni yenye herufi F, na mwishoni nikaongeza /MIR, ambayo huufanya upande wa pili ufanane na wa kwanza kama kioo: kilichopo kinanakiliwa, kisichopo kinafutwa. Jana niliijaribu kwa folda ndogo ikafanya kazi vizuri. Leo nilichomeka B kwanza, kisha A. Windows hugawa herufi kwa kadiri inavyoona, ikampa B herufi E, na A ikapewa F. B ilikuwa tupu. Kwa hiyo niliiamuru kompyuta iifanye diski iliyojaa ifanane na diski tupu, nayo ikatii.

Mistari ilipanda kwa kasi kuliko kawaida, na hilo ndilo lililonishtua: kunakili faili za GB 13 hakuwezi kukimbia hivyo. Nilipobonyeza kusitisha, jasho jembamba likinitoka, folda ya Kaseti ilikuwa haipo, na folda ya Picha ilikuwa imebaki kuanzia mwaka 2017 kwenda mbele. Folda ya Video, kwa kuwa V iko mbali, haikuguswa. Kwenye pipa la taka la Windows hamkuwa na kitu, kwa maana Robocopy haipitii huko.

Jambo moja nililifanya sawasawa: nilichomoa Diski A na sikuandika chochote juu yake. Faili iliyofutwa huwa haijaondoka mara moja. Kinachoondoka ni anuani yake, na data hukaa pale pale mpaka nyingine iandikwe juu yake.

Jumapili, 28 Aprili 2024

Wiki nzima ya ukarabati.

Picha nyingi zimerudi kutoka kwenye ile diski mgonjwa ya mwaka 2013, ambayo nilikuwa nimekwisha kuisema vibaya na kumbe ilikuwa bado na kazi moja. Kwa kaseti, kompyuta bado ilikuwa na rekodi 19 ambazo sikuwahi kuzifuta, kwa uvivu. Zilizokosekana ni 12, na namba 27 ni miongoni mwake.

Nilitumia PhotoRec, programu huria ambayo haijali anuani. Inapita juu ya diski yote ikitafuta mwanzo wa kila aina ya faili inayoifahamu, kisha inazitoa na kuziweka kwenye diski nyingine. Kasoro yake ni kwamba haijui majina. Ilinirudishia WAV nyingi zenye majina ya herufi f na tarakimu tu, zikiwemo hata zile 19 nilizokuwa nazo, na kila moja ina saa nzima au saa na nusu ya watu kuzungumza. Nilikuwa nimejiandaa kuzisikiliza zote tena pamoja na Mama, ndipo nikaikumbuka ile orodha ya tarehe 6.

Nilikokotoa alama ya SHA-256 ya kila faili iliyookolewa na kuilinganisha na orodha. Faili ya kwanza ikaangukia sawasawa, tarakimu kwa tarakimu 64, kwenye mstari unaosema kaseti namba 3. Inayofuata ikaangukia namba 14. Hivyo sikupata majina tu, bali pia uhakika kwamba ndani yake hakuna biti iliyosogea. Kumi na moja kati ya 12 zimepata wenyewe, pamoja na namba 27. Ya kumi na mbili haikulingana na mstari wowote, na nilipoisikiliza nilikuta katikati yake mngurumo. Kaseti yake bado ni nzima, nimeirekodi upya kwa saa moja na hadithi yake imekwisha.

Mabadiliko ya utaratibu: sitatumia /MIR tena, bali /E, ambayo huongeza bila kufuta. Kila amri itatanguliwa na /L, inayoorodhesha kitakachotendeka bila kukitenda. Herufi za diski nimezifunga kwenye kifaa cha Windows cha kusimamia diski: A itakuwa M daima, B itakuwa N. Na ya tatu ikishanunuliwa, hakuna siku diski zote tatu zitakuwa zimechomekwa kwa pamoja.

Jumamosi, 4 Mei 2024

Kimbunga Hidaya. Mvua na upepo tangu jana. Diski zote mbili zimo ndani ya kontena la plastiki la kuwekea chakula lenye mfuniko wa mpira, pamoja na vifuko vile vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, na kontena liko juu ya kabati. Sijanakili chochote.

Jumapili, 12 Mei 2024

Barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikatwa na maji upande wa Kilwa, na Diski C niliyokuwa nimeiagiza imekwama njiani. Wakati wa kusubiri nimeifikiria upya kanuni ya 3-2-1, iliyoenezwa na mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh: nakala tatu, katika aina mbili za vihifadhi, moja ikiwa mahali pengine. Mahali pangu pengine ni Lindi, zaidi ya kilomita 100 kwa barabara kutoka hapa. Panatosha kwa mwizi, kwa moto na kwa paa linalovuja. Kwa kimbunga sina hakika, kwani Lindi na Mtwara ni pwani moja. Kimbunga Kenneth, Aprili 2019, kilielekea Cabo Delgado, Msumbiji, na bado watu wa huku waliambiwa waondoke mabondeni.

Kwa hiyo sauti, ambazo ndizo haziwezi kupatikana kwingine, zitapanda pia kwenye hifadhi ya intaneti. Nimezibana kwa FLAC, ambayo hupunguza ukubwa bila kupoteza kitu, zikawa GB 12, chini ya GB 15 zinazotolewa bure. Leo asubuhi zilikuwa zimefika kaseti ya nane intaneti ilipodorora nchi nzima. Wanasema nyaya za chini ya bahari zimekatika. Diski iliyo mkononi haikusikia habari hizo.

Jumamosi, 1 Juni 2024

Kaseti zote 31 ziko kwenye hifadhi ya intaneti tangu juzi. Diski C imefika, imepita H2testw, imejazwa kutoka B na kuhakikiwa kwa orodha ya alama, ambayo sasa ina video pia. Faili tatu za video hazikulingana. Ukubwa wake ulikuwa sahihi hadi baiti ya mwisho, tarehe sahihi, na mtu akizitazama kwenye folda asingeona tofauti. Lakini nilipozifungua, zote ziliganda kabla ya mwisho. Nimekumbuka kwamba kebo ililegea mara moja wakati wa kunakili, diski ikapotea na kurudi. Nimebadilisha kebo, nimenakili upya hizo tatu, zimelingana.

Jumamosi, 22 Juni 2024

Nimeipeleka Diski C Lindi mwenyewe wakati wa sikukuu, nikiwa nimeipakata ndani ya khanga tangu stendi ya Mtwara. Sikutaka ibaki kwenye droo ya wifi ikiwa imeaminiwa tu, basi nilimwomba aichomeke kwenye kompyuta ya mwanawe, ambayo haijawahi kuiona, na afungue faili yoyote anayotaka bila msaada wangu. Alipitia majina taratibu, akachagua namba 27 kwa sababu iliandikwa jina la mumewe na umri wa miaka sita.

Sauti ya baba iliuliza kutoka Tanga kama mtoto amelipiwa karo. Kaka, aliyekuwa barazani, aliinuka akaja kusimama nyuma yetu hadi upande wa kwanza ukaisha.

Tumekubaliana kwamba C na B zitabadilishana nafasi kila Idi, na kila anayepokea ataihakiki kwa orodha kabla ya kuifungia. Zimebaki picha za karatasi 212 za kupitisha kwenye skana.